Shajara ya Upande wa Mama

Baba yangu anaweza kutaja mababu zake mpaka wa kumi na moja bila kusita. Fulani bin fulani bin fulani, mpaka Pate, na kabla ya Pate, Hadhramaut ya Yemen. Nasaba hiyo imeandikwa kwa hati za Kiarabu kwenye karatasi iliyogeuka rangi ikawa kama chai ya maziwa. Imekunjwa ndani ya msahafu wa zamani, na msahafu umo katika kabati la nyumba yetu ya Mkomani, Lamu, kabati ambalo sisi watoto hatukuruhusiwa kulifungua. Hakuna jina hata moja la mwanamke katika karatasi ile. Utotoni niliamini ukoo ni kitu cha wanaume.

Maradhi yaliyokuwa yakitupunguza yalikuwa upande wa mama, upande ambao haukuandikwa popote.

Bibi mzaa mama alikufa kabla sijaanza chuo cha Kurani. Nilipouliza amekufa na nini, niliambiwa amekufa na damu, basi. Ukubwani ndipo nikaelewa kwamba alikuwa amekwisha koma hedhi, kisha akaanza kutoka damu upya, akaona haya kumwambia mtu. Alikuwa na miaka 52. Mama yake yeye, ambaye simjui hata kwa picha, aliuawa na mchango, yaani maradhi ya tumbo. Mjomba, kaka wa mama, aliuguwa bawasiri miaka miwili, akanywa kila dawa aliyoletewa, akafa na miaka 46, amekonda hata pete ikawa haikai kidoleni.

Damu, mchango, bawasiri. Majina matatu, maziko matatu, na hakuna aliyeyaweka pamoja. Kwa nini mtu ayaweke pamoja? Kila mmoja alizikwa na jina la ugonjwa wake, tukasoma khitma, tukala biriani, tukarudi kwenye shughuli zetu.

Kisha ikawa zamu ya mama mdogo.

Mama mdogo hushona kofia za vito. Kama hujaona kofia hizo zikishonwa, jua kwamba ni kazi ya macho na ya subira. Nakshi huchorwa kwanza kwenye kitambaa cheupe, halafu matundu madogo mno hutobolewa mstari kwa mstari, na kila tundu huzungushiwa uzi kwa sindano mpaka lisimame. Kofia moja humla miezi. Kila anapomaliza mstari, huupitishia ncha ya kidole, akiwa amefumba macho. Kidole kikikwama, ameshona vibaya, anafumua. Nimekaa naye barazani tangu nina miaka sita na sijawahi kumwona akiruka hatua ile ya kidole.

Siku moja nilimkuta ameiweka kofia mapajani, sindano imesimama kitambaani, na yeye ameegemea ukuta. Midomo ilikuwa myeupe. Alisema kupanda ngazi za juu kunamtoa pumzi. Kwa miezi kumi na minne alikuwa akipewa vidonge vya kuongeza damu katika zahanati ambayo sitaitaja. Damu ikipanda kidogo, ikishuka tena, anapewa vingine. Alikuwa na miaka 44. Hakuna aliyemuuliza swali ambalo daktari mmoja kijana alikuja kumuuliza baadaye, siku tuliyompeleka akiwa hawezi kusimama: “Mama, vidonge unakunywa. Sasa hiyo damu inakwenda wapi?”

Ilikuwa inakwenda tumboni. Kipimo cha kinyesi kilionyesha damu isiyoonekana kwa macho. Tukavuka kwa boti mpaka Mokowe, tukapanda basi, zaidi ya kilomita 300 mpaka Mombasa, na huko kolonoskopi, kamera nyembamba inayopitishwa ndani ya utumbo mpana, ikaonyesha uvimbe mwanzoni kabisa mwa utumbo mpana, upande wa kulia, karibu na kidole tumbo. Nilimuuliza daktari mbona hakupata choo cha damu kama mjomba. Akanieleza kwamba upande wa kulia utumbo ni mpana na kinyesi bado ni majimaji. Uvimbe unapata nafasi ya kukua bila kuziba njia, na damu inachanganyika na kupotea rangi. Mtu anachoka tu. Tangu siku hiyo, nikisikia mtu mzima aliyekoma hedhi, au mwanamume wa umri wowote, anaambiwa hana damu na kupewa vidonge pekee, nauliza swali la yule daktari kijana.

Upasuaji ulikwenda vizuri, alhamdulillahi. Wiki tatu baadaye ikaja ripoti ya maabara, na chini kabisa, baada ya maneno marefu, palikuwa na mistari minne:

MLH1: ipo.
PMS2: ipo.
MSH2: haipo.
MSH6: haipo.

Daktari wa saratani aliisoma mara mbili, akaweka kalamu chini, akauliza: “Katika familia yenu, nani mwingine amekufa na maradhi ya tumbo au ya kizazi?” Mama yangu alinitazama. Mimi nilitazama sakafu. Tulijua jibu, ila tulikuwa hatujawahi kulisema kwa sentensi moja.

Nataka kuieleza mistari ile minne, maana ndiyo iliyonifanya niandike haya.

Karibu kila seli mwilini ina DNA, maandishi ya herufi nne tu zinazorudiwarudiwa: bilioni 3 kutoka kwa mama na bilioni 3 kutoka kwa baba. Seli za utando wa utumbo hujigawa mchana na usiku, kwa sababu utando ule hubadilishwa upya kila baada ya siku chache. Kila seli ikijigawa, maandishi yote lazima yanakiliwe. Mnakili ni hodari, lakini hukosea, hasa mahali ambapo herufi ileile inajirudia mara nyingi. Aliyewahi kuvuta tasbihi huku akisinzia anajua: hukosei unapotoka uradi huu kwenda mwingine, unakosea katikati ya kurudia, hujui kama ni ya ishirini na tatu au ya ishirini na nne.

Kwa hiyo mwili una protini ambazo kazi yao ni ile ya kidole cha mama mdogo. MSH2 na MSH6 hushikana wawili wawili, zinateleza juu ya maandishi mapya, na zikikwama mahali herufi hazikukaa sawa, huita MLH1 na PMS2, kipande kile kikafumuliwa na kushonwa upya. MSH2 ikikosekana, MSH6 haina wa kushikana naye, nayo huharibika. Ndiyo sababu katika ripoti zilipotea zote mbili ilhali kosa ni la jeni moja, yaani kipande cha DNA chenye maelekezo ya kutengeneza protini: MSH2, iliyoko kwenye kromosomu ya 2.

Kila mmoja wetu ana nakala mbili za jeni hiyo. Anayerithi nakala moja mbovu huzaliwa mzima na kukua mzima, kwa kuwa nakala ya pili inatosha kwa kazi. Tatizo huanza siku seli moja tu, kati ya mabilioni, inapoipoteza na ile nzuri. Seli hiyo na vizazi vyake vyote hubaki bila kidole. Makosa hujaa kwa mamia na maelfu, na mengine huangukia jeni zinazozuia seli kukua ovyo. Utumbo na tumbo la uzazi ndivyo huathirika zaidi. Kwa mwenye MSH2 mbovu, uwezekano wa kupata saratani ya utumbo mpana maishani ni karibu nusu, na kwa mwanamke, saratani ya mji wa uzazi nayo ni karibu nusu. Jeni nyingine za kundi hilo si kali hivyo: PMS2, kwa mfano, hatari yake ya utumbo ni kama 10 kwa 100.

Damu ya bibi, mchango wa mama yake, bawasiri ya mjomba. Kidole kimoja kilichokosekana.

Kasoro hii inaitwa sindromu ya Lynch, kwa jina la daktari Henry Lynch wa Omaha, Marekani. Nilipoisoma historia yake nilisimama pale ambapo sikutarajia. Mwaka 1895, katika mji wa Ann Arbor, jimbo la Michigan, mwanapatholojia Aldred Warthin alikuwa na mshonaji wa nguo aliyekuwa na huzuni. Alipomuuliza ana nini, yule mwanamke alimwambia atakufa mapema, kwa saratani ya tumbo, au ya utumbo, au ya kizazi, kwa kuwa ndivyo wanavyokufa watu wa kwao. Naye akafa kijana, na saratani ya mji wa uzazi. Warthin alifanya jambo ambalo wengi wasingelifanya: alimwamini. Akaufuatilia ukoo ule, mtu kwa mtu, na mwaka 1913 akachapisha habari zake akiuita Ukoo G. Miaka mingi watu walilipuuza. Katika miaka ya 1960 Lynch, akiwa bado daktari kijana, alikutana na mgonjwa mlevi aliyemwambia anakunywa kwa sababu anajua atakufa na saratani kama jamaa zake wote. Lynch naye akaamini, akaanza kuchora shajara za koo, na mwaka 1966 akachapisha. Wenzake wengi walishikilia kwamba saratani hairithiwi. MSH2 ilipatikana mwaka 1993, MLH1 mwaka 1994, na hatimaye Ukoo G wenyewe ulipopimwa, kosa lao likaonekana: MSH2. Jeni ileile ya kwetu.

Mshonaji wa Michigan alijua miaka 98 kabla ya maabara, kwa sababu kwao watu walikuwa wakisemezana nani amekufa na nini.

Hapa nisije nikamtia mtu hofu isiyo yake. Saratani nyingi za utumbo mpana hazirithiwi hivi. Walio na jeni ya kurithi yenye nguvu namna hii ni wachache, kama 5 katika kila wagonjwa 100, na Lynch peke yake ni kama 3. Wengi hufuata njia ya taratibu ambayo Eric Fearon na Bert Vogelstein waliieleza mwaka 1990: kwanza jeni iitwayo APC huharibika na kakinyama kadogo, polipu, kanaota, baadaye KRAS hukwama mahali pa “kua, kua, kua”, baadaye tena TP53, mlinzi anayezisimamisha seli zilizoharibika, huondoka. Safari hiyo huchukua miaka kumi au zaidi. Umri, tumbaku, pombe, unene, kukaa bila kutembea, na nyama za viwandani, ambazo shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliziweka mwaka 2015 katika kundi la visababishi vilivyothibitika, vyote huisukuma. Kwa sisi wenye Lynch, safari ya polipu mpaka saratani inaweza kuwa mwaka mmoja mpaka mitatu. Ndiyo maana tunaambiwa kolonoskopi kila mwaka au kila baada ya miaka miwili, tangu miaka 20 au 25.

Daktari alituambia pia ripoti ile tuihifadhi kama hati ya shamba. Saratani iliyojaa makosa hutoa protini za ajabu ambazo askari wa mwili huzitambua, kama wasingefungwa breki. Mwaka 2017 Marekani iliidhinisha pembrolizumab, dawa ya kuiachia breki hiyo, kwa uvimbe wa aina hii popote ulipo mwilini. Mwaka 2022 madaktari wa New York walitoa habari za wagonjwa 12 wa saratani ya sehemu ya mwisho ya utumbo, wenye kasoro hii, waliopewa dostarlimab peke yake. Uvimbe uliyeyuka kwa wote 12, bila kisu wala mionzi. Bei ya dawa hizi kwa mtu wa Lamu ni mlima. Lakini anayejua mistari yake minne anajua walau kitu gani akiulizie, na anayetibiwa bila kupimwa hiyo hata swali hana.

Mama yangu alipimwa damu. Anayo. Mimi nikapimwa. Ninayo.

Nilikuwa na miaka 36. Kila mtoto wa mwenye jeni hii ana nusu kwa nusu, kama sarafu, mwanamume au mwanamke, na haitazami nani anafanana na nani. Usiku ule niliwatazama wanangu wawili walivyolala chini ya chandarua nikajikuta nahesabu. Mume wangu aliniambia acha kuhesabu, lala. Sikulala.

Kwa kolonoskopi yangu ya kwanza nilifikia Mombasa kwa jamaa zetu wa Majengo siku moja kabla, maana dawa ile ya kusafisha tumbo huinywi ukiwa njiani na basi lina saa nyingi mbele. Lita nne za maji ya chumvichumvi, na choo cha jirani wa mlango wa pili nilikipata kwa ihsani yake, Mungu amlipe. Asubuhi nilikataa dawa kamili ya usingizi kwa sababu nilitaka kuona. Utumbo wangu kwenye skrini ulikuwa na rangi ya waridi, unang’aa, una mishipa myembamba kama mistari ya jani, na pete baada ya pete zikifunguka. Mbele kidogo, juu ya mkunjo, kalikaa kakinyama kekundu zaidi ya wenzake, kadogo kama punje ya choroko. Daktari akatoa kitanzi cha waya, akakavisha, akakaza. Moshi kidogo. Kwisha. Sikusikia maumivu yoyote. Nililia hata nesi akadhani nimeumia, akanishika mkono.

Mjomba angeweza kukatwa punje hiyo akarudi kwake kula samaki wa kupaka.

Nimeanza aspirini pia, kwa ushauri wa daktari. Utafiti mmoja uliowafuata watu 861 wenye Lynch ulionyesha kwamba waliokunywa miligramu 600 kila siku kwa miaka miwili au zaidi walipata saratani ya utumbo kwa karibu nusu ya wenzao, na faida yake ilijitokeza miaka kadhaa baadaye. Mtu asiianze peke yake, inaweza kutoboa tumbo au kumwaga damu. Mama yeye ameamua kutolewa kizazi. Alisema amekwisha kazi nacho na anakishukuru.

Sasa jambo lililoniweka macho zaidi. Mdogo wangu wa kiume alikuwa ameposewa binti wa mama mdogo. Lamu hili ni jambo la furaha. Mali haitoki, tabia zinajulikana, mama wa bibi arusi ni mama yako mdogo. Lakini wote wawili mama zao wana MSH2 ile, maana yake kila mmoja ana nusu ya uwezekano. Wakiwa nayo wote wawili, kila mtoto wao ana robo ya uwezekano wa kuzaliwa na nakala zote mbili mbovu, bila kidole tangu tumboni. Watoto hao hupata saratani za ubongo, za damu na za utumbo wakiwa wadogo, wengine kabla ya miaka kumi.

Nilisema. Nilikaa na mama na mama mdogo nikasema yote, na kwa siku tatu mama mdogo hakunijibu salamu. Nilimwelewa. Neno lile lilitoka kwangu kama namtia aibu binti yake. Siku ya nne alikuja mwenyewe akasema, “Wapimwe. Wakiwa salama tutapiga vigelegele mara mbili.” Binti hana. Mdogo wangu anayo. Kwa hiyo hakuna robo tena. Kuna nusu ya kawaida, ile yetu, ambayo tunajua namna ya kuishi nayo. Harusi ilikuwa baada ya Maulidi.

Wiki iliyopita nilikwenda Langoni kwa bibi mdogo, dada wa bibi yangu. Amepita themanini, hajaugua kitu, sarafu ilimwangukia vizuri. Kwa miaka arobaini alikuwa mwosha maiti. Nilikuwa nimechukua daftari na nilikuwa nikimzunguka kwa maneno ya upole, nikijua mwosha ana sitara ya wafu kifuani, alichokiona hakisemi. Alininyamazisha kwa mkono.

“Ndoo ukae karibu. Mama yako amenambia. Wataka matumbo.”

Nikasema ndiyo, bibi.

“Mimi nimewaosha. Mama yangu nilimuosha, tumbo lilikuwa gumu upande huu.” Akajigusa kulia. “Dada yangu nilimuosha. Nimenyamaa kwa sababu ni aibu ya maiti kutajwa. Lakini hii si aibu. Hii ni ya walio hai. Andika.”

Nikaandika. Alitaja kwa mpango kama mtu anayehesabu shanga: jina, mama yake nani, umri kwa kukadiria kutokana na nani alikuwa amezaliwa mwaka ule, tumbo au kizazi. Nilikuwa na majina sita niliyoyajua. Kalamu ilikuwa ishafika chini ya ukurasa aliponyamaza, akavuta ushungi, akasema alikuwako na dada mwingine.

Sikuwahi kumsikia. Aliolewa Faza akiwa msichana, akafa huko na miaka 38, wakasema amerogwa na mke mwenza, na kwa sababu ya maneno hayo nyumba mbili hazikuzungumza tena. Aliacha watoto watano.

“Wako wapi, bibi?”

“Wawili wamekufa. Na wao wana wana. Mmoja wa wajukuu ana duka Malindi, karibu na soko.” Akatoa simu yake ndogo kutoka ndani ya leso, akanipa, kwa vile macho yake hayasomi tena. “Mtafute humo. Nimeiweka namba miaka mingi, sijapiga.”

Niliinakili daftarini, chini ya jina la mama yake, mama wa mama yake, na juu yao wote jina la yule wa mchango. Adhana ya magharibi ilikuwa imeanza. Nilimwambia bibi mdogo nitapiga baada ya kusali, akasema hapana, sali hapa, kisha piga mbele yangu, nataka kuisikia sauti yake.